Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Draivu za CD na DVD: Jinsi Leza Inavyosoma na Kuandika Diski

Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa na fundi wa karakana ndogo ya kompyuta iliyopo Mwanga, Kigoma, kwa ajili ya wateja wanaoleta CD, DVD na mashine za kuzisomea. Ni kweli kwamba kompyuta mpakato nyingi za siku hizi zinauzwa bila draivu ya diski, na kwamba watu wengi wamehamia kwenye flashi na simu. Hata hivyo, hazipiti wiki mbili bila mtu kufika kaunta akiwa na bahasha yenye diski ya harusi, ya kwaya, ya mawaidha au ya picha za marehemu, na mara nyingi hutanguliza hukumu aliyokwisha kupewa kwingine: "Lenzi imekufa." Hukumu hiyo ni sahihi mara chache kuliko inavyotamkwa. Ili kujua kwa nini, inabidi kwanza kuielewa kazi ya leza yenyewe, na ndiyo sababu maswali ya mwanzo yanahusu mwanga, na yale ya matengenezo yanafuata baadaye.

Ndani ya diski kumeandikwa nini hasa?

Hamna sauti wala picha ndani ya diski, mna vishimo. CD ya kiwandani ni bamba la plastiki ya polikaboneti lenye upana wa milimita 120 na unene wa milimita 1.2, ambalo upande wake wa juu umegandamizwa vishimo, ukapakwa utando mwembamba wa alumini ili urudishe mwanga, kisha ukafunikwa kwa vanishi, na juu ya vanishi ikachapwa lebo. Vishimo hivyo vimepangwa katika mstari mmoja tu, unaoanzia karibu na tundu la katikati na kujizungusha kuelekea ukingoni, kama ukili unavyozungushwa wakati wa kushona kawa. Upana wa kishimo ni takriban nusu mikromita, yaani nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na kutoka mzunguko mmoja wa mstari hadi unaofuata ni mikromita 1.6. Mstari huo ukinyooshwa unazidi kilomita 5, kiasi cha kukutoa Kigoma mjini na kukufikisha mbali katika njia ya kwenda Ujiji. Ule wa DVD, ambayo mizunguko yake imebanana zaidi, unakaribia kilomita 12, hivyo ungekufikisha Ujiji na kuzidi. Waliozoea santuri za zamani wataona kwamba hapa mambo yamegeuzwa: santuri husomwa kutoka ukingoni kwenda ndani, ilhali diski husomwa kutoka ndani kwenda ukingoni.

Kwa nini itumike leza na si taa ya kawaida?

Taa wanazowasha wavuvi wa dagaa usiku ziwani zina kazi ya kutawanya mwanga ili dagaa wauone kutoka mbali. Draivu inahitaji kinyume chake, yaani mwanga wote ukusanyike katika nukta moja yenye upana usiofika mikromita 2. Mwanga wa taa ya kawaida ni mchanganyiko wa mawimbi ya urefu mbalimbali, kila moja likitoka kwa wakati wake na kuelekea upande wake, na hakuna lenzi inayoweza kuyakutanisha yote mahali padogo namna hiyo. Leza hutoa mwanga wa rangi moja ambao mawimbi yake hupanda na kushuka kwa pamoja, kwa hiyo lenzi ndogo ya plastiki inatosha kuukusanya. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960 kwa kutumia kijiti cha rubi. Ile iliyo ndani ya draivu yako ni chembe ya semikonda iliyo ndogo kuliko punje ya ulezi.

Leza inawezaje kutambua kishimo kidogo kiasi hicho?

Mota huizungusha diski, na kichwa cha kusomea, ambacho wengi hukiita lenzi ingawa lenzi ni kipande kimoja tu kati ya vilivyomo, hupeleka mwale juu kupitia plastiki hadi kwenye utando wa alumini. Mwale ukiangukia sehemu tambarare, mwanga mwingi hurudi kwa njia ileile uliyoijia, kisha mche wa kioo huugeuza na kuupeleka kwenye kihisi mwanga. Ukiangukia kishimo, mwanga unaorudi hupungua sana.

Wengi hudhani kwamba kishimo ni cheusi, au kwamba mwanga hupotelea humo kama wa tochi inayomulikwa kisimani. Sivyo, kwa sababu ndani ya kishimo pia mmepakwa alumini inayong'aa vilevile. Kinachopunguza mwanga ni kina. Aliyewahi kusimama kwenye gati wakati upepo unavuma ameona mawimbi yanayotoka ziwani yakikutana na yale yanayorudishwa na ukuta: mgongo wa wimbi ukikutana na mgongo, maji huinuka maradufu, na mgongo ukikutana na bonde, mahali pale maji hutulia kwa kitambo. Mwanga nao hufanya hivyohivyo. Mwanga wa leza ya CD una mawimbi yenye urefu wa nanomita 780 hewani (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikromita), na ukishaingia ndani ya plastiki urefu huo hupungua hadi karibu nanomita 500. Kishimo kimetengenezwa kwa kina kinachokaribia robo ya urefu huo. Kwa kuwa nukta ya leza ni pana kuliko kishimo, sehemu ya mwanga hugonga kishimo na sehemu nyingine hugonga tambarare iliyo kandokando. Safari za sehemu hizo mbili, kwenda na kurudi, hutofautiana kwa takriban nusu ya wimbi, hivyo zinapokutana tena mgongo wa moja huangukia bonde la nyingine na zinafutana. Kihisi huona giza, ingawa hakuna kitu cheusi popote. (Kwa leza inayotazama kutoka chini, hicho tunachokiita kishimo ni tuta. Hesabu ni ileile.)

Je, kishimo ni sifuri na tambarare ni moja?

Hapana, ingawa maelezo hayo husikika sana. Data zote za diski huandikwa kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na kila tarakimu huitwa biti. Moja ni badiliko, yaani ukingo ambapo tambarare inaingia kwenye kishimo au kishimo kinatoka kwenda tambarare. Sifuri ni kila hatua ambayo hakuna badiliko, iwe mwale uko ndani ya kishimo au nje yake. Kwa hiyo draivu haihesabu vishimo bali hupima muda unaopita kati ya ukingo na ukingo.

Mpangilio huo una sharti lake. Kingo zikikaribiana mno, nukta ya leza haiwezi kuzitenganisha; zikiachana mno, saa ya ndani ya draivu hupoteza hesabu ya hatua zilizopita. Ndiyo maana katika CD kila baiti, yaani kundi la biti 8, hubadilishwa kwanza kuwa alama ya biti 14, na kati ya alama na alama huongezwa biti 3 za kuunganisha, ili kati ya moja na moja kusiwe na sifuri chini ya 2 wala zaidi ya 10. Matokeo yake ni kwamba diski nzima ina urefu wa aina 9 tu za vishimo, kuanzia takriban mikromita 0.83 hadi kuzidi mikromita 3.

Diski huyumba inapozunguka. Leza inawezaje kutopotea njia?

Kwa maoni yangu hili ndilo swali zuri kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo draivu inapoonyesha ufundi wake, na hapa ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. Viwango vya CD vinaruhusu uso wa diski upande na kushuka kwa kiasi cha nusu milimita inapozunguka, lakini lenzi inatakiwa kukaa katika umbali sahihi kutoka kwenye utando kwa kosa lisilozidi mikromita moja au mbili hivi. Vivyo hivyo, tundu la katikati haliwi katikati kikamilifu, hivyo mstari unaweza kuyumba kulia na kushoto kwa mikromita 70, ambao ni upana wa mizunguko zaidi ya 40. Kwa maneno mengine, njia inayofuatwa haitulii hata kwa sekunde moja, na lenzi inalazimika kucheza nayo mamia ya mara kila sekunde.

Ili kufanya hivyo lenzi haikufungwa kwa skrubu; imening'inizwa kwa nyuzi laini za chuma kati ya koili na sumaku, kwa namna inayofanana na spika. Umeme ukipita kwenye koili moja lenzi hupanda au kushuka, na ukipita kwenye nyingine husogea kulia au kushoto. Amri za kusogea zinatokana na mwanga wenyewe unaorudi. Kihisi kimegawanywa katika robo nne, na mbele yake kuna lenzi ya umbo la silinda inayofanya doa la mwanga liwe duara pale tu umbali ulipo sahihi. Diski ikisogea karibu, doa hurefuka na kuwa yai lililolalia upande mmoja, na ikisogea mbali yai hulalia upande mwingine, hivyo robo mbili hupata mwanga mwingi kuliko nyingine mbili, na tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa umeme wa kuisogeza lenzi. Kwa upande wa kufuata mstari, draivu nyingi za CD huugawa mwale kuwa mitatu: wa katikati husoma, na miwili ya pembeni hukanyaga kingo za mstari kulia na kushoto. Mmoja wa pembeni ukirudi na mwanga mwingi kuliko mwenzake, draivu hujua kwamba imeanza kuacha njia.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mwanga uleule unaobeba data ndio unaobeba amri za usukani. Mwanga ukipungua kwa sababu ya vumbi, ukungu au leza iliyochoka, data haipotei peke yake. Draivu nzima hupofuka, ikaanza kutafuta fokasi kwa kupandisha na kushusha lenzi, ikatoa ile sauti ya kugonga ambayo mteja huieleza kwa ulimi wake mwenyewe akiwa kaunta.

Kwa nini draivu hunguruma diski inapoanza kuzunguka?

CD ya muziki husomwa kwa kasi isiyobadilika ya takriban mita 1.2 hadi 1.4 za mstari kila sekunde, na ili kasi hiyo itunzwe mota huzungusha diski kama mara 500 kwa dakika leza ikiwa ndani, kisha hupunguza hadi kama mara 200 leza inapofika ukingoni. Kasi hiyo hutoa kilobaiti 150 za data kwa sekunde, na ndiyo "1x" inayoandikwa kwenye draivu. Draivu ya 52x huizungusha diski karibu mara 10,000 kwa dakika, ambapo ukingo wa diski hukimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Lebo ya karatasi iliyobandikwa upande inatosha kuifanya itetemeke. Diski yenye ufa kwenye tundu isiwekwe kabisa katika draivu ya namna hiyo, kwa kuwa ikipasuka humo ndani, draivu nayo imekwisha.

Tunaposema "kuchoma CD", ni nini kinachochomwa?

Neno "kuchoma" linasema ukweli zaidi ya wengi wanavyodhani. Diski tupu ya CD-R, yaani ya kuandikwa mara moja tu, haina vishimo; ina mfereji mwembamba wa kuongoza leza, na juu ya mfereji huo tabaka la rangi ya kikemikali, kisha utando wa fedha au wa dhahabu. Leza inayosoma hutumia nguvu ndogo mno, isiyoweza kuidhuru rangi hiyo. Leza ileile inapoandika huongezewa nguvu mara nyingi zaidi, ikawaka na kuzima kwa kufuata data, na kila inapowaka rangi iliyo chini yake hupata joto, huoza na kupoteza uwezo wake wa kupitisha mwanga vizuri. Hakuna shimo linalochimbwa kama la kiwandani. Kinachobaki ni doa linalorudisha mwanga kidogo, na kwa kihisi doa hilo linatosha kuhesabiwa kuwa kishimo.

Mambo mawili hutokea kabla ya kuandika ambayo mtumiaji hayaoni. Kwanza, mfereji haukunyooka, bali una mawimbi madogo yaliyotengenezwa kiwandani, na kwa kuyafuata draivu hujua iko wapi na diski inazunguka kwa kasi gani, hata kama bado hakuna data hata moja. Pili, kwa kuwa rangi za viwanda mbalimbali hazifanani, draivu hufanya jaribio katika sehemu ndogo iliyotengwa karibu na tundu, ikiandika kwa nguvu tofautitofauti na kujisomea, kisha huchagua nguvu iliyotoa matokeo bora. Diski za bei ya chini zinazouzwa zikiwa zimepangwa kwenye mti bila jina la mtengenezaji mara nyingi hukwama hapahapa, na mteja huilaumu draivu.

Ukiishika diski iliyochomwa chini ya mwanga utaona duara la ndani lenye rangi iliyokoza kidogo kuliko lililobaki. Duara hilo ndilo eneo lililoandikwa, na unaweza kukadiria kwa macho diski imejaa kiasi gani.

Diski ya RW inafutikaje?

Badala ya rangi, diski ya RW ina tabaka la aloi ambayo kwa kawaida huchanganya fedha, indiamu, antimoni na teluriamu. Leza ikiipiga kwa nguvu kubwa, aloi huyeyuka kisha hupoa ghafla kabla chembe zake hazijapata muda wa kujipanga, kama sukari iliyoyeyushwa na kumwagwa juu ya sahani baridi inavyogeuka kuwa kitu cha kioo. Sehemu hiyo hurudisha mwanga kidogo. Kufuta ni kuipasha joto la wastani, la nyuzi kama 200 za Selsiasi, kwa muda unaotosha chembe zijipange upya, na hapo mng'ao wake hurejea. CD-RW inaweza kuandikwa upya takriban mara 1,000. Udhaifu wake ni kwamba hata mahali inapong'aa hurudisha asilimia 15 hadi 25 tu ya mwanga, ilhali CD ya kiwandani hurudisha asilimia 70 au zaidi, na ndiyo sababu deki na redio nyingi za zamani huikataa ingawa haina kasoro.

Umeme ukikatika wakati wa kuchoma, diski inaokoka?

Kwa diski ya kuandikwa mara moja, usiweke matumaini makubwa. Draivu huandika yaliyomo kwanza, na orodha ya yaliyomo huiandika mwishoni, karibu na tundu, inapoifunga diski. Umeme ukikatika katikati, data inaweza kuwa imeandikwa vizuri kabisa lakini hakuna orodha ya kuifikia, na kompyuta nyingine itaiona diski kuwa tupu au mbovu. Programu za uokoaji huweza kuyatoa baadhi ya mafaili.

Hilo lisichanganywe na tatizo jingine la zamani, ambapo kompyuta ilichelewa kupeleka data na leza ikaishiwa cha kuandika huku diski ikiendelea kuzunguka. Kuanzia miaka ya 2000 draivu zilipata uwezo wa kusimama, kukumbuka zilipoishia na kuendelea kutoka hapohapo. Uwezo huo unahitaji draivu iwe na umeme. Hapa karakana tunachomea kwenye kompyuta mpakato yenye betri nzima, na kama ni ya mezani, kwenye UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme unapokatika.

Draivu yangu inasoma DVD vizuri lakini inakataa CD. Lenzi imekufa?

Lenzi ni nzima, kwani ndiyo inayosomea DVD. Draivu ya DVD ina leza mbili: nyekundu ya nanomita 650 kwa DVD, na ile ya nanomita 780, ambayo jicho haliioni vizuri, kwa CD. Ya pili haikuwekwa kwa mapambo, kwa sababu rangi ya diski za CD-R haiurudishi mwanga mwekundu ipasavyo, hivyo CD iliyochomwa nyumbani haisomeki kwa leza ya DVD peke yake. Leza moja inaweza kuchoka na nyenzake ikaendelea kufanya kazi kwa miaka. Kwa hiyo fundi anapaswa kujaribu diski nne kabla ya kusema lolote: CD ya kiwandani, CD-R, DVD ya kiwandani na DVD iliyochomwa. Kutoa hukumu baada ya kujaribu moja ni kubahatisha kwa pesa ya mteja.

CD, DVD na Blu-ray zinatofautianaje ikiwa upana wake ni uleule?

Wimbi la mwanga likiwa fupi, nukta inaweza kuwa ndogo, na nukta ikiwa ndogo vishimo hubanana. CD, iliyoletwa sokoni na kampuni za Sony na Philips mwaka 1982, hubeba megabaiti 650 hadi 700. DVD, kwa leza yake nyekundu na mizunguko iliyoachana kwa mikromita 0.74, hubeba gigabaiti 4.7 kwa tabaka moja. Blu-ray hutumia leza ya zambarau ya nanomita 405, mizunguko ikiachana kwa mikromita 0.32, na kubeba gigabaiti 25 kwa tabaka. Leza hiyo ya tatu ilisubiriwa muda mrefu hadi Shuji Nakamura wa Japani alipofanikiwa kuitengeneza katikati ya miaka ya 1990. Blu-ray ni nadra kuletwa hapa kwetu, kwa hiyo sitaendelea nayo.

Ni upande upi wa diski unaopaswa kulindwa zaidi?

Kwa CD, ni upande wa lebo. Jibu hili hushangaza, kwa kuwa watu huishika diski kwa uangalifu upande unaong'aa kisha huilaza mezani lebo ikiwa chini. Chini kuna milimita 1.2 za plastiki, na mwale unapoingia kwenye plastiki hiyo bado una upana wa karibu milimita 0.7, hivyo punje ya vumbi au mkwaruzo mwembamba huzuia sehemu ndogo tu ya mwanga na kupita bila madhara. Juu, kati ya data na kidole chako, kuna vanishi pekee.

Nililijua hili vitabuni, kisha nikalijua kwa aibu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu mzee mmoja wa Ujiji aliniletea CD ya picha za harusi ya binti yake, yenye lebo ya karatasi iliyoanza kubanduka na kuifanya diski itetemeke. Nikaona heri niimalizie kuibandua. Karatasi ilitoka, na utando unaong'aa ukatoka nayo. Nilipoiinua diski kuelekea dirishani mwanga wa jua ulipenya pande tatu. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, hapo panapoonekana ng'ambo palikuwa na nani?" Ingekuwa CD ya kiwandani, vishimo vingebaki kwenye plastiki, kwa kuwa huchapwa humo, lakini diski ile ilikuwa ya kuchomwa, na rangi yake ilikuwa imebaki kwenye gundi ya karatasi. Tangu siku hiyo lebo inayotetemesha diski naiacha ilivyo, na kuisoma diski kwa kasi ndogo.

DVD iko salama zaidi katika hili, kwa kuwa imeundwa kwa mabamba mawili ya milimita 0.6 yaliyogandishwa, data ikiwa katikati kama nyama ndani ya sambusa. Ukitaka kuandika juu ya diski yoyote, tumia kalamu ya ncha laini, na uandike karibu na tundu, pasipo na data.

Muziki unapiga vizuri, lakini kwa nini mafaili ya diski nyingine yenye mikwaruzo kama hiyo hayanakiliki?

Data ya CD husambazwa, yaani baiti zilizo jirani katika wimbo haziwi jirani kwenye mstari, na huongezewa baiti za kusahihishia, kiasi kwamba pengo la takriban milimita 2.5 la mstari linaweza kujazwa bila kosa lolote. Pengo likizidi hapo, mashine ya muziki inaruhusiwa kukisia: inachukua thamani ya sauti iliyotangulia na inayofuata, na kuweka wastani wake, na sikio halitambui. Faili la barua au la programu halikisiwi, kwa kuwa herufi ya wastani kati ya mbili haina maana. Ndiyo maana diski za data zina tabaka jingine la usahihishaji, na hilo likishindwa kompyuta hukataa kunakili.

Kutokana na mpangilio huo, mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni hukata kila mzunguko mahali pamoja tu na kusameheka, lakini ule unaozunguka kufuata mstari hufuta sehemu ndefu kwa mpigo mmoja. Basi diski ifutwe kwa kitambaa laini kutoka tunduni kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha.

Je, dawa ya meno huondoa mikwaruzo?

Hulainisha kingo za mkwaruzo wa juujuu na wakati mwingine diski husomeka, lakini huacha mikwaruzo mipya midogo. Iwe hatua ya mwisho, iwe ni kwa upande wa chini tu, na faili zinakiliwe papo hapo. Kwa diski iliyotoboka upande wa lebo haisaidii kitu.

Vumbi la kiangazi na unyevu wa ziwa vina madhara gani?

Vumbi jekundu la miezi ya kiangazi huingia kwenye draivu kila trei inapofunguliwa na kulalia lenzi, ambako madhara yake ni makubwa kuliko likiwa kwenye diski, kwa kuwa lenzi ni ndogo na mwanga huipita mara mbili, kwenda na kurudi. Kabla ya kununua draivu nyingine, lenzi isafishwe kwa pamba iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti safi, kwa kugusa tu, ikikumbukwa kwamba imening'inia kwenye nyuzi. Kwa kadiri ya uzoefu wangu, sehemu kubwa ya lenzi "zilizokufa" hufufuka hapa.

Unyevu hufanya kazi polepole. Vanishi ikipasuka ukingoni, hewa yenye maji huingia na alumini huanza kuoza, ikionekana kama madoa yanayopitisha mwanga. Mwaka 2001 watafiti wa Hispania walieleza hata kuvu aliyeila CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu, akaharibu plastiki na alumini kwa pamoja. Jua nalo hufubaza rangi za CD-R, hivyo dashibodi ya gari si kabati. Diski isimamishwe wima ndani ya kasha lake, mahali pakavu na penye kivuli.

Je, kuitazama leza ya draivu kunadhuru jicho?

Draivu iliyofungwa ni salama, kwa kuwa leza huzimika trei inapofunguliwa. Iliyofunguliwa na kuwashwa ni hatari, hasa ya kuandikia, na ile ya CD ni hatari zaidi kwa sababu karibu haionekani, kwa hiyo jicho halishtuki wala kujifumba. Kuchungulia ili kuona kama "inawaka" ni desturi mbaya iliyoenea. Kamera ya simu hufanya kazi hiyo, na jicho lako hubaki mbali.

Nina diski ya harusi iliyochomwa mwaka 2008. Nifanye nini sasa?

Usiisugue wala kuibandua chochote. Ijaribu kwanza katika draivu mbili au tatu tofauti, kwa kuwa nguvu ya leza na wepesi wa usukani havilingani, na diski iliyokataliwa na moja mara nyingi husomwa na nyingine, hasa draivu ya kuandikia. Punguza kasi ya kusoma ikiwa programu inaruhusu. Nakili diski nzima kama taswira moja, yaani faili moja lenye nakala ya diski yote, badala ya faili mojamoja, kwa programu inayoruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni, ili sehemu nzima zipatikane kabla leza haijahangaika na mbovu. Kisha weka nakala mbili katika vifaa viwili tofauti, uzifungue zote mbili na kuitazama video hadi mwisho, si dakika ya kwanza pekee, kwani mstari huanzia ndani, na diski nyingi huharibika kuanzia ukingoni.